Inkscape mikononi mwa mwanafunzi anayeanza kuuza ubunifu wake

Kwa muda wa miaka miwili na nusu nimekuwa nikitumia programu ya kuchorea iitwayo Inkscape kutengenezea nembo, kadi za michango ya harusi, stika za chupa za asali na mabango ya maduka, kazi ambazo wateja wamezilipia ilhali mimi bado ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapa Dar es Salaam. Tathmini hii namwandikia mwenzangu aliye katika hali kama yangu, mwenye kipaji, kompyuta mpakato ya wastani na mteja wa kwanza aliyekwisha kumwambia "nitengenezee nembo", lakini asiye na fedha za kulipia programu wala mwajiri wa kumlipia. Sitaipima Inkscape kwa kuilinganisha kipengele kwa kipengele na programu za makampuni makubwa. Nitaipima kwa kazi: je, mwanafunzi anaweza kupokea malipo ya awali leo, akachora kwa programu hii, na wiki ijayo akamkabidhi mteja kitu kilichochapwa kikatoka kama alivyoahidi? Anaweza, na mimi nimefanya hivyo mara nyingi. Hata hivyo, sehemu ngumu ya safari hiyo iko kwenye kaunta ya mchapaji, na huko ndiko nitakakokaa zaidi katika maandishi haya.

Kwa asiyeifahamu, Inkscape ni programu ya michoro ya vekta. Picha ya simu huhifadhiwa kama miraba midogo ya rangi inayoitwa pikseli, na ukiikuza kupita kiasi miraba hiyo huanza kuonekana. Mchoro wa vekta huhifadhiwa kama mistari, mikunjo na maumbo yanayoelezwa kwa hesabu, kwa hiyo nembo ileile huweza kukaa kwenye stika ya sentimita 4 na kwenye bango la mita 3 bila kingo zake kuchakaa. Ndiyo maana mtu anayetaka kula kwa kutengeneza nembo hawezi kuikwepa vekta, hata awe hodari kiasi gani wa kuhariri picha. Programu hii ilianza mwaka 2003, pale wasanidi wanne walipojitenga na mradi uliokuwa ukiitwa Sodipodi, nao Sodipodi ulikuwa umetokana na programu ya awali zaidi ya Raph Levien iliyoitwa Gill. Ilichukua miaka 17 kufikia toleo lililopewa namba 1.0, lililotoka Mei 2020. Toleo la 1.2 la mwaka 2022 lilileta uwezo wa kuwa na kurasa nyingi katika faili moja, la 1.3 la mwaka 2023 likaleta zana ya kujenga maumbo kwa kuburuta kipanya juu yake, na la 1.4 likatoka Oktoba 2024. Ukiikuta kwenye kompyuta ya chuo ikiwa ya toleo la 0.92 au la chini yake, usiihukumu kwa hilo, kwa maana tofauti ni kubwa, nami singemshauri mtu aanzie hapo.

Jambo la kwanza la kuisifia ni leseni yake, na nalitanguliza kabla ya zana zozote kwa sababu sisi wanafunzi hulifikiria mwisho. Inkscape hutolewa chini ya leseni huria ya GPL. Unaipakua, unaiweka kwenye kompyuta ya Windows, Linux au macOS, unamgawia mwenzako kwa flashi, na unaifanyia kazi za kulipwa bila kumwomba mtu ruhusa. Michoro unayoichora ni yako. Katika mabweni hali ya kawaida ni nyingine: programu za gharama zilizovunjwa kufuli hupita kutoka chumba hadi chumba, na pamoja nazo hupita virusi. Adobe, kampuni inayotengeneza programu ya vekta iitwayo Illustrator, iliachana na matoleo mapya ya kununua mara moja mwaka 2013 ikahamia kwenye malipo ya kila mwezi, ambayo mtu anayeishi kwa fedha za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo hawezi kuyabeba kwa urahisi, hasa pale kazi zinapokuja tatu mwezi huu na mwezi ujao isije hata moja. Zipo leseni nafuu za wanafunzi katika fani mbalimbali, lakini baadhi ya leseni za namna hiyo hukataza kazi ya biashara, na hivyo mtu hujikuta ana programu halali asiyoruhusiwa kuitumia kwa kazi ileile iliyomfanya aitafute. Mimi nimelelewa na baba fundi cherehani, ambaye hakupata kushona nguo ya mteja kwa mashine ya mtu bila mwenyewe kujua. Nilipoanza kutoza watu fedha nilitaka chombo changu nacho kiwe cha halali.

Jambo la pili ni kwamba ikishawekwa haihitaji intaneti. Kwa mwanafunzi anayenunua bando la siku, hili ni jambo zito. Ndani ya menyu ya msaada kuna mafunzo ambayo yenyewe ni michoro ya SVG: unafungua somo, unasoma maelezo, na maumbo ya mfano yaliyo kwenye ukurasa huohuo unayashika, unayavuta na kuyapinda upendavyo. Nilijifunza kalamu ya mikunjo kwa njia hiyo katika wiki mbili za likizo nikiwa kwa bibi yangu Muheza, ambako mtandao ulikuwa wa kubahatisha, na sijaona video yoyote iliyonifundisha vizuri kuliko yale masomo ya maandishi.

SVG yenyewe, ambayo ndiyo lugha ya asili ya Inkscape, ni kiwango cha wazi kilichopitishwa mwaka 2001 na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti. Vivinjari vya intaneti huisoma, na kwa ndani ni maandishi matupu. Uwazi huo ulinifaa siku moja kwa namna nisiyoitarajia. Mteja alibadilisha namba yake ya simu baada ya mimi kumaliza vitambulisho vya wafanyakazi wake wote, kila kimoja katika faili lake. Niliyafungua mafaili hayo katika programu ya kuandikia maandishi ya kawaida, nikaitafuta namba ya zamani, nikaweka mpya, na kazi ambayo ingenichukua alasiri nzima ikaisha kabla chai haijapoa.

Kuhusu kuchora kwenyewe, sina malalamiko makubwa. Ukibonyeza herufi B unapata kalamu ya mikunjo, ukibonyeza N unapata zana ya kushika nukta za mchoro na kuzisogeza, na kwa zana hizo mbili pamoja na amri za kuunganisha na kukatana kwa maumbo unaweza kutengeneza nembo nyingi unazoziona barabarani, kwa kuwa nyingi ni duara lililokatwa na duara jingine. Zana ya kugeuza picha kuwa vekta ni nzuri kwa michoro ya penseli iliyopigwa picha, ila matokeo yake huwa na mamia ya nukta zisizo na utaratibu. Mimi huyatumia kama ramani ya chini, kisha huchora upya juu yake. Nembo iliyogeuzwa tu na kukabidhiwa hivyo huonekana ina mtetemo kwenye mikunjo, na jicho la mteja huliona hilo hata kama hana jina la kuliita.

Maandishi yanahitaji subira zaidi. Kusogeza herufi mojamoja ili nafasi zilingane kunawezekana, lakini kunachosha. Fonti, kwa bahati nzuri, si tatizo: hazina ya Google Fonts, iliyoanza mwaka 2010, ina fonti nyingi zilizo chini ya leseni ya wazi ya SIL, ambayo inaruhusu matumizi ya biashara. Nitoe angalizo moja kwa wanaoandika Kiswahili. Kibodi huweka kiapostrofi kilichonyooka, na kwenye bango kubwa neno kama Ng'ombe huonekana limechomekwa msumari katikati. Chukua alama iliyopinda kutoka kwenye fonti hiyohiyo na uisogeze karibu na herufi g. Duka la maziwa nililolitengenezea bango lilikuwa na neno hilo kwa herufi za urefu wa sentimita 40, na tofauti ilionekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Mahali ambapo Inkscape ilinifurahisha kupita nilivyotegemea ni katika kanga. Kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa kilitaka kuiona kanga yao ya maadhimisho kwenye karatasi kabla ya kuipeleka kwa wakala wa kiwanda. Kanga ina pindo linalozunguka pande zote, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yaliyo sehemu ya chini ya mji, na kila sehemu ina kanuni zake za kujirudia. Inkscape ina kisanduku cha kutengeneza nakala zilizopangwa kama vigae, chenye aina zote 17 za mpangilio ambazo hisabati inaziruhusu kwa ruwaza inayojaza uso wa bapa: kusogeza, kuzungusha, kugeuza kama kwenye kioo, na michanganyiko ya hayo. Nilichora korosho moja tu, ile ya asili, nikaipanga katika mistari iliyopishana, kisha kila nilipoipinda korosho ya kwanza zote zilizobaki zilipinda nayo papo hapo. Mwenyekiti wa kikundi, aliyekuwa ameketi kando yangu, alisema, "Mwanangu, inenepeshe kidogo, hiyo imekondeana," nikainenepesha, na mji mzima ukajaa mbele ya macho yake. Sijawahi kuwa na mteja aliyeielewa kazi yangu haraka namna ile.

Kasoro ilijitokeza kwenye pembe za pindo. Programu haijui kwamba mstari wa juu na mstari wa pembeni vinakutana na kwamba ua la pembeni linapaswa kugeuka kwa heshima yake. Pembe nilizichora kwa mkono, moja, kisha nikaizungusha mara tatu, na kabla ya hapo nilikaa siku mbili nikizitazama pembe za kanga za mama yangu ili nione wachoraji wa zamani walivyofanya: wengine huweka ua kubwa peke yake kwenye pembe ili ruwaza mbili zisigombane. Kila rangi niliiweka katika tabaka lake, kwa sababu kwenye uchapaji wa vitambaa kila rangi hulipiwa, na nilipoyazima matabaka mojamoja kina mama waliamua wenyewe kwamba rangi tatu zinatosha.

Mara nyingi naulizwa kwa nini nisitumie Canva, ambayo inafanya kazi hata kwenye simu. Naiheshimu. Ilizinduliwa Australia mwaka 2013, na wazo lake lilimjia Melanie Perkins alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu akiwafundisha wenzake programu za usanifu zilizokuwa zikiwashinda, kwa hiyo ni zao la mwanafunzi aliyeanza biashara kama sisi. Tangazo la haraka la mahafali, ratiba ya kongamano, mwaliko wa kutumwa kwa WhatsApp, yote hayo huyatengeneza vizuri na kwa muda mfupi. Kwa nembo naikataa, na sababu yangu ni ya kisheria kabla ya kuwa ya kisanii. Violezo na vipambo vya hazina yake hutumiwa na kila mwenye akaunti, na masharti yake yenyewe yanaeleza kwamba nembo iliyojengwa kwa vipambo hivyo haiwezi kusajiliwa kuwa alama ya biashara ya mtu mmoja. Mteja wangu wa asali alikuwa na nia ya kusajili alama yake BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Kama ningemuuzia nyuki aliyetoka kwenye hazina ya watu wote, ningekuwa nimemuuzia kitu ambacho hawezi kukimiliki peke yake, na yeye angekuja kuligundua hilo baada ya kulipia ada. Nyuki wangu nilimchora nukta kwa nukta katika Inkscape, na mabawa yake yamepishana kidogo kwa sababu ndivyo mkono wangu ulivyotaka.

Sasa nije kwenye kaunta ya mchapaji. Stika za asali hiyo ndizo zilizonifundisha somo la gharama kubwa kuliko yote. Kwenye skrini niliweka kijani kinachong'aa kama majani ya mgomba baada ya mvua. Nilipeleka faili kwenye duka moja la uchapaji, nikalipia stika 300, na nilipokwenda kuzichukua nikakuta kijani cha jani lililokaa juani siku tatu. Fundi hakuwa na kosa, na mashine haikuwa mbovu. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu, yaani RGB, wakati mashine ya kuchapa hutengeneza rangi kwa wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi, yaani CMYK, na kuna vijani, machungwa na buluu kali ambavyo mwanga huweza kuvitoa lakini wino hauwezi kuvifikia. Inkscape hufanya kazi katika RGB, na PDF inayotoa ni ya RGB. Programu ya mashine ndiyo inayotafsiri, na hutafsiri inavyojua yenyewe. Zile stika nilizirudia kwa fedha yangu, kwa kuwa mteja alikuwa ameidhinisha rangi aliyoiona kwenye skrini yangu, na nilikuwa nimemwonyesha rangi isiyochapika.

Huo ndio upungufu mkubwa wa Inkscape kwa mtu anayeishi kwa uchapaji, na sioni sababu ya kuupunguza kwa maneno laini. Njia ninayoifuata sasa ni kuipitisha kazi ya mwisho katika Scribus, programu nyingine huria iliyotengenezwa kwa ajili ya kupanga kurasa, ambayo inaelewa CMYK na hutoa faili la aina ya PDF/X-3 linalokubalika kwa wachapaji. Naingiza mchoro wa SVG, nabadilisha rangi moja baada ya nyingine kwa asilimia za wino, kisha natoa faili. Kwa nembo yenye rangi mbili au tatu ni kazi ya dakika kumi. Kwa kadi ya harusi yenye maua ya rangi ishirini ni adhabu, na siku hizi nikiwa na kazi ya namna hiyo nachagua tangu mwanzo rangi zilizotulia ambazo najua wino utazifikia.

Kwenye maandishi meusi kuna mtego mdogo unaofaa kusemwa kwa urefu, kwa sababu unaharibu kazi ambayo wanafunzi wengi huanza nayo, yaani kadi za michango. Kadi hizo huwa na maandishi madogo mengi: majina ya wanakamati, namba za simu, namba za akaunti. Weusi wa RGB ukitafsiriwa na mashine huweza kugeuka mchanganyiko wa wino zote nne, na karatasi ikisogea hata kwa upana wa unywele kati ya wino mmoja na mwingine, kila herufi hupata kivuli cha rangi na namba 8 huanza kufanana na 6. Katika Scribus unaamuru maandishi yawe wino mweusi peke yake, asilimia 100, na tatizo linakwisha. Namba ya simu isiyosomeka kwenye kadi ya mchango ni hasara ya fedha kwa wenye harusi, kwa hiyo sikabidhi kadi bila kufanya hivyo.

Kisha kuna suala la CorelDRAW. Programu hiyo imekuwapo tangu mwaka 1989, na karibu kila kaunta niliyoifikia Kariakoo inaitumia. Mara ya kwanza nilipofika na faili la SVG, kaka aliyekuwa kwenye kompyuta aliniambia kwa upole, "Mdogo wangu, mimi nafungua la Corel, hilo lako silijui." Inkscape huweza kuyafungua baadhi ya mafaili ya CDR, ingawa mara nyingine huja na mapengo, lakini haiwezi kuhifadhi katika aina hiyo. Dawa yake ni PDF, ambayo CorelDRAW huifungua, mradi umetanguliza kugeuza maandishi yote kuwa maumbo. Ukisahau hatua hiyo na duka likawa halina fonti yako, kompyuta yao itaweka nyingine, na nembo uliyoihangaikia wiki nzima itachapwa kwa herufi za barua ya ofisi. Hifadhi nakala mbili: moja yenye maandishi yanayoweza kuhaririwa, ikae kwako, na nyingine iliyogeuzwa, iende dukani. Vivuli vyenye ukungu uviepuke kwenye nembo, kwa sababu vikihama kutoka programu moja kwenda nyingine huweza kugeuka viraka vyenye kingo. Na kumbuka kuongeza milimita 3 za rangi kila upande wa kadi kwa ajili ya kisu cha kukatia. Matoleo ya karibuni ya Inkscape yana mahali pa kuuweka ukingo huo kwenye mipangilio ya ukurasa.

Kuhusu kasi sina mengi. Kompyuta yangu ina kumbukumbu ya GB 4, na kwa nembo, kadi na mabango ya kawaida inatosha. Mchoro ukiwa na vivuli vingi vya ukungu au maelfu ya nakala, kama ule wa kanga, kila hatua huchukua pumzi. Hapo nahamia kwenye mwonekano wa mistari mitupu, nachora, kisha narudi kutazama rangi. Washa uhifadhi wa kujiendesha kwenye mipangilio na uuwekee muda wa dakika chache, jambo ambalo mtu yeyote aliyezoea umeme wa kukatika hahitaji kuelezwa sababu yake.

Liko jambo moja ambalo linahusu bei, na nalihesabu kuwa sehemu ya tathmini kwa sababu linatokana na programu kuwa ya bure. Mteja akijua hujalipia chombo, humjia haraka wazo kwamba na kazi nayo ni ya bure, na vibaya zaidi, mwanafunzi mwenyewe huanza kuamini hivyo. Mwaka 1971 Carolyn Davidson, aliyekuwa mwanafunzi wa usanifu katika Portland State University nchini Marekani, alichora alama ya Nike akalipwa dola 35, kwa kiwango cha dola 2 kwa saa. Kampuni ilikuja kumpa pete na hisa mwaka 1983, na hilo lilikuwa jema, lakini wengi wetu hatutarudiwa na mteja baada ya miaka 12 akiwa na hisa mkononi. Ninachokiuza ni saa zangu na jicho langu, na daftari langu lina safu ya saa kwa kila kazi, hata zile ninazozifanya kwa bei ya undugu. Ninapokea nusu ya malipo kabla ya kuanza, naruhusu marekebisho mawili, na Inkscape inanisaidia kuyasimamia hayo: mapendekezo matatu ya nembo nayaweka katika kurasa tatu za faili moja, mteja anapata PDF moja ya kuchagulia, na hadi salio lilipwe anachokuwa nacho ni picha ya PNG ya ukubwa mdogo, inayotazamika vizuri kwenye simu lakini isiyofaa kuchapwa. SVG inakabidhiwa siku ya salio, pamoja na karatasi fupi yenye jina la fonti na asilimia za wino za kila rangi. Mama mmoja mwenye duka la vitenge, niliyemsalimu shikamoo na kumpa karatasi hiyo kwa mikono miwili, aliniambia kwamba mbunifu aliyemtangulia hakumwachia chochote ila picha kwenye simu, na simu ilipoibiwa nembo ya duka ikaenda nayo.

Nani asianze na Inkscape? Anayelenga kuajiriwa katika wakala wa matangazo ajue kwamba huko atatakiwa kuijua Illustrator, na afadhali aanze kuizoea kwenye maabara ya chuo ikiwa ipo. Anayetaka kupanga vitabu na majarida aende moja kwa moja Scribus. Anayehariri picha za harusi chombo chake ni GIMP, programu ambayo Spencer Kimball na Peter Mattis waliianzisha wakiwa wanafunzi Berkeley katika miaka ya 1990, nayo pia ni ya bure. Waliobaki, yaani wanaochora nembo, stika, kadi, fulana, mabango na ruwaza za vitambaa kwa wateja wa mtaani kwao, sina programu nyingine ya kuwapendekezea kabla ya hii.

Siku utakayoiweka kwenye kompyuta, kabla hujamtafuta mteja, chora ukurasa mmoja wa A4 wenye miraba ya rangi unazozipenda, kila mraba na namba yake ya rangi chini, upeleke kwenye duka utakalokuwa ukichapia, ulipie nakala moja. Wangu umebandikwa ukutani juu ya meza, na mteja akija kuchagua rangi namgeuzia kompyuta upande wa pili, achague kutoka ukutani.